Mashine Iliyokataa Kuzima

Buswahili, Jumanne

Nyangeta, mteja wangu, ni mzima. Shingo imemvimba kidogo tu.

Ile valvu ya umeme kwenye pampu ya mashine yangu ya kusaga ni kitu kidogo. Ukiwasha swichi, koili inakuwa sumaku, inavuta pini, dizeli inapita. Ukizima, sumaku inakufa, springi inarudisha pini, dizeli inafungwa. Jana koili iliungua, pini ikabaki imefunga. Shemeji Marwa, fundi wetu, akaing'oa pini ili dizeli ipite.

"Hizi tunatoaga tu, shemeji. Si inawaka?"

Kweli iliwaka. Leo mchana mkanda ukanasa mtandio wa Nyangeta, ukaanza kumvuta. Nikazima swichi. Mashine ikaendelea kunguruma! Nikavua kanga yangu, nikaisokomeza kwenye bomba la hewa mpaka injini ikakosa pumzi, ikanyamaza.

Jioni Marwa amekuja kuuliza mashine ina shida gani, mbona ilikuwa inawaka vizuri. Nimempa kipande cha mtandio kilichobaki kwenye mkanda akishike.

Kesho naenda Bunda kutafuta koili. Mpaka ifungwe, hakuna kusaga, hata mama mkwe akija na debe lake.