Dada Haangalii Sehemu ya Mwisho

4 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na yule bibi unayemtunza bado anakugombeza chai ikipoa? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila msimu wa sare za shule umeniacha na vidole vilivyojaa matundu ya sindano. Nakuandikia ujumbe mrefu badala ya kupiga, kwa sababu kila nikigusa jambo la maana kwenye simu unaniambia mtandao mbovu. Maandishi hayakatiki katikati.

Tumemaliza ile tamthilia ya mwanasheria. Unajua desturi yetu hapa chumba cha kushonea: kazi ikipungua jioni nawasha tivii, na wateja wanaingia na kitambaa cha kisingizio. Anayechagua tamthilia inayofuata ni mimi, maana tivii ni yangu na lawama ni zangu. Sasa nimebaki na mbili za Kikorea, ile ya mwoka mikate na ile ya daktari. Nimeonja mwanzo wa zote, nikaona ni mikono miwili ya shati moja. Mama Pacha ananiuliza ipi nzuri, nabaki kumumunya maneno. Wewe umeziona zote, nipe tofauti.

La pili ni la Fundi Saa, yule mwenye meza ya kutengeneza saa hapa mlangoni kwangu. Amepata kazi kwenye duka kubwa mji mwingine, anaondoka mwisho wa Aprili. Jana alivua kile kioo chake cha jichoni akasema, "Nataka tuoane, twende wote. Usinijibu leo, lakini unijibu." Nilikuwa na pasi mkononi. Nimeunguza kola ya mtu.

Tangu hapo situlii. Nakata kitambaa naacha, nafagia palipofagiwa. Nimemwambia angoje nijue unarudi lini, kwa sababu mkataba wako unaisha Juni. Chumba chako nimekipaka rangi. Wazazi hawapo, Chiriku. Nikifunga nyumba hii nikaenda kwa mume, wewe ukirudi utafikia kwa nani?

Dada yako


9 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mgongo haujambo, bibi naye hajambo, amenigombeza leo mara mbili kwa hiyo ni mzima kabisa. Pole kwa vidole, na pole kwa mwenye kola.

Haya, umeuliza mwenyewe, sasa kaa. Zinafanana kwa sababu zimekatwa kwa kipimo kimoja. Zote mbili kuna nyanya anayejifanya mahututi ili mjukuu aoe. Zote ndoa ni ya mkataba, hakuna kushikana mikono, na hazijafika mbali wameshashikana. Zote inanyesha na mwavuli ni mmoja. Watu wana magari mawili ya kifahari lakini mwavuli wa pili hawana.

Ya mwoka mikate inakwenda polepole, nisikudanganye. Mwanzoni ni unga mtupu. Kijana anakanda, binti anamtazama, wanabishana habari za chumvi. Bibi yangu alisinzia. Lakini vumilia, maana kuanzia katikati unagundua yule binti ana ulimi, akitaka kitu anakisema, na akikasirika hakimbilii mvuani, anakaa hapohapo mpaka wamalizane. Hata mama mkwe si mbaya, ni mwoga tu.

Ya daktari ni moto tangu mwanzo. Ajali, mtu kupoteza kumbukumbu, mama mkwe kummwagia mtu maji usoni. Na makoti, dada, makoti utayapenda, ndiyo maana nakuogopea. Steringi mzuri hana hata kazi ya kuigiza, anasimama tu. Halafu daktari anapata kazi ng'ambo, anamwambia binti "nisubiri". Kuanzia hapo mimi na bibi tuligombana wiki nzima. Yeye anasema daktari ni muungwana, mimi nilikuwa natamani kuizima tivii. Yaliyobaki sikuhadithii. Wape wenzako ya mwoka mikate.

Na kama utawaahidi watu mwisho, uangalie kwanza. Tangu niko mdogo sehemu ya mwisho ikianza unaondoka, unakwenda kuangalia kitu jikoni, halafu mwisho unautunga mwenyewe. Uliwahi kunisimulia harusi ya watu ambao mmoja wao alishazikwa.

Fundi Saa ni mtu mwema na wewe unampenda, hilo nalijua kwa namna unavyomlalamikia. Mjibu, dada. Usiniweke mimi katikati.

Mdogo wako


30 Machi

Chiriku,

Marahaba. Hali yako? Mimi mzima, kichwa tu kinagonga.

Nimechagua ya daktari. Usinune. Sehemu ya pili yule binti alivaa koti lenye bitana iliyoshonwa kwa mkono, mshono hauonekani hata akigeuka. Nikajiambia, watu waliohangaika hivyo na bitana ambayo hakuna anayeiona hawawezi kuharibu hadithi. Na kweli, chumba kinajaa mpaka msaidizi wangu Bi Vifungo anashonea vifungo vyake akiwa amesimama. Daktari amekwenda ng'ambo, binti anamsubiri, kina mama wote roho juu. Mama Pacha ameniuliza kama atarudi. Nimemwambia atarudi, niulize mimi. Nikampa na ahadi: asiporudi, gauni lake la harusi ya mdogo wake nashona bure.

Fundi Saa naye anaangalia, kutoka mezani kwake, anajifanya anatengeneza. Jibu hajaniuliza tena. Angeniuliza ningegomba, nikapumua. Ananiangalia tu, ananisogezea kiti. Ameanza kufungasha vifaa vyake kwenye maboksi ya viatu na kila boksi linanitia joto mwilini.

Wewe uliandika kurasa nzima za nyanya na mwavuli, Juni hukuigusa. Unarudi tarehe ngapi? Nimenunua na pazia.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini kichwa kimetulia. Huku kazi zimenibana, bibi ana kikohozi, ndiyo maana naandika kifupi.

Ahadi uliyompa Mama Pacha iondoe. Tafadhali. Badilisheni tamthilia, sema diski mbovu, sema lolote.

Habari ya Juni tutaongea.

Mdogo wako


17 Aprili

Chiriku,

Salamu. Sitakuuliza hali leo, nitakuuliza mwishoni.

Jana ilikuwa sehemu ya mwisho. Kama kawaida yangu ilipoanza nikaenda nyuma kwenye chumba cha kujaribia nguo, nikapanga hanga zilizokwisha pangwa. Nikasikia kimya. Unajua wale kina mama, hawanyamazi hata wakiwa na pini mdomoni. Kisha pazia likafunguliwa, Mama Pacha amesimama, macho mekundu, gauni lake ambalo halijakwisha amelikunja kwapani. Akasema, "Fundi, umetuchezea. Umetuahidi kitu hujakiona." Bi Vifungo akasema nyuma yake, "Miaka yote anatupangia, kumbe mwisho haujui." Nilizoea kutunga mwisho nikaona nimeuona.

Wakanikalisha. Namaanisha walinishika mabega, wakaniweka kwenye kiti changu mwenyewe. Fundi Saa akashika rimoti, akairudisha sehemu ile mwanzo. Nikaangalia yote.

Yule binti yuko kituo cha treni na koti lile lile, bitana imeshatatuka. Na daktari ana nyumba huko, ana kazi, ana mbwa. Sikulia kwa sababu hakurudi, watu wanahama. Kilichonichoma ni kwamba alijua zamani. Rafiki yake alijua, mama yake alijua, sisi tulionyeshwa, ila mwenye kukaa kituoni hakuambiwa. Alikuwa anamwandikia barua nzuri nzuri, habari za theluji, habari za chakula, na lile moja analiruka. Nimelia mbele ya wateja. Mama Pacha alinirudishia gauni, nafikiri kwa huruma.

Fundi Saa alizima tivii, akaniambia polepole, "Mimi naondoka wiki ijayo. Wewe usikae kituoni kwa ajili yangu wala kwa ajili ya mtu mwingine."

Kwa hiyo nakuuliza, na usinipe nyanya wala mwavuli. Nijibu kama mdogo wangu. Unarudi?

Dada yako


18 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo.

Sirudi. Yaani kukaa. Kutembea nitakuja, nikipata likizo nitakuja, lakini kuishi sirudi.

Mkataba mpya nilitia saini Januari. Nimeanza masomo ya uuguzi hapa, na bibi ananipa nafasi ya kwenda darasani mchana. Napapenda huku. Hicho ndicho kilichonishinda kukuandikia. Kama ningekuwa nateseka ungenielewa haraka. Ila nina furaha, na wewe umepaka chumba rangi, na ni wewe uliyeacha shule ukakaa kwenye cherehani ya mama ili mimi nisome. Nilikuwa nikishika simu niseme, naanza kukuhadithia tamthilia.

Niliogopa ungeumia. Pia niliogopa ungesema "sawa" na ile sauti yako.

Sasa umejua. Mjibu Fundi Saa. Ukimkataa, mkatae kwa sababu humtaki. Mimi nisiwe sababu.

Mdogo wako


27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimekuandikia, sijapata neno. Nimepiga, inaita mpaka inakatika. Bibi ananiona nazunguka na simu jikoni, anasema miguu yake imechoka kwa kuniangalia tu.

Nitukane, lakini andika. Ngojangoja yaumiza matumbo, na sasa najua inavyouma.

Mdogo wako


9 Mei

Dada,

Nimempigia Mama Pacha. Anasema meza ya mlangoni haipo, na kwako pamefungwa. Hajui zaidi, au hataki kuniambia, maana amenijibu kama mteja aliyecheleweshewa nguo.

Uko wapi? Mzima?

Mdogo wako


21 Mei

Chiriku,

Marahaba, na zile za nyuma zote marahaba. Mimi mzima. Bibi amepona kikohozi? Mpe pole, mwambie daktari wake wa tamthilia si muungwana.

Nilikasirika. Sitakuficha, na nisingeandika nikiwa vile. Sikukasirika kwa kubaki kwako. Mtu akipata pa kukaa akae. Nilikasirika kwa Januari, Februari, Machi, nilivyokuwa nakuuliza kwenye simu nipake rangi gani na wewe unanijibu nzuri. Pazia lako nililikata, nikamshonea Mama Pacha mifuko ya gauni. Gauni lenyewe nimelishona bure, ahadi ni deni.

Fundi Saa alipoondoka sikwenda kumsindikiza. Nilishindwa. Nilijiambia nakwenda kuangalia kitu jikoni, nikasimama pale mbele ya jiko lililozimwa mpaka nikajishtukia. Hakuna chumba cha kupaka tena, hakuna Juni, na bado nimesimama jikoni. Basi haukuwa wewe tu, mdogo wangu. Kukungoja kulikuwa kunanifaa. Asiyeuona mwisho haumii, ndivyo nilivyodhani.

Nikafungasha. Cherehani mbili nimemwachia Bi Vifungo pamoja na tivii, naye kaniahidi ataangalia mpaka mwisho kabla hajamwahidi mtu. Ya mama nimekuja nayo. Nilifika mchana kwenye duka alikoajiriwa Fundi Saa, yupo na kioo jichoni, hakuinua kichwa, akasema, "Acha saa hapo, uje Ijumaa." Nikamwambia sina saa, nina jibu. Alidondosha kibano, mpaka leo hatujakiona.

Ufunguo wa nyumba nimemrudishia mwenye nyumba. Kwa hiyo chumba chako hakipo, Chiriku, na imeniuma kuliandika hilo kuliko nilivyofikiri. Kuna kochi. Ni fupi, utakunja miguu, na ukutani kuna saa saba na kila moja inasema lake. Likizo yako ukiipata uje hapa. Niambie tarehe ukishaijua kweli, si kabla.

Tumeangalia ya mwoka mikate, sisi wawili. Ulisema kweli, mwanzo ni unga mtupu, na shemeji yako anausinzia kama bibi yako. Leo ni sehemu ya mwisho. Ameshawasha, na ameusukuma mlango wa jikoni kwa mguu ukafunga, akauzuia kwa boksi la viatu. Ngoja nikae.

Dada yako