Kopo la Dawa ya Viatu

S.L.P. 214,
Iringa.
Jumapili, 14 Agosti 1977.

Mpendwa Mjomba Antoni,

Mwangaluka, mjomba, kama tunavyoamkiana nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Makongolosi, wewe, mama Evarista na watoto wote. Je, kile kikohozi cha mama Evarista kimepungua? Mimi mwilini sijambo. Baridi ya mwezi huu ni kali, na upepo wa hapa unapenya hadi kwenye mifupa, lakini blanketi ulilonipa linanisitiri.

Asali uliyompa Matano, dereva wa lori, ilifika salama. Uliagiza nusu yake nimpelekee mdogo wako, mama mdogo Leokadia. Hadi leo asubuhi ilikuwa bado chini ya kitanda changu. Nitakueleza kwa nini.

Mjomba, barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Nataka ulisikie jambo hili kutoka kwangu kabla Matano hajafika tena huko, maana dada yake Mwantumu, ambaye ni mwenye nyumba wa mama mdogo, alikuwepo na aliona yote. Unamjua Mwantumu. Akiwa na habari halali nayo.

Unakumbuka kwamba nimeajiriwa kwa majaribio, ukarani wa takwimu. Kazi yetu ni kuzunguka nyumba kwa nyumba na daftari. Tunaandika kila kitu ambacho nyumba imenunua mwezi huo, chumvi, kiberiti, hata sindano, na mbele ya kila kitu tunaandika sababu ya kukinunua. Mwanzoni niliona ni kazi nyepesi. Sasa naiogopa. Mtu akikuambia kwa nini amenunua kitu, amekwisha kukuingiza chumba cha ndani.

Kabla ya kuanza tulitia sahihi karatasi. Karani haruhusiwi kuandika nyumba ya jamaa yake. Mwenye jamaa katika mtaa aliopangiwa anapaswa kusema, apelekwe kwingine. Mimi nilipangiwa Mlandege, anakokaa mama mdogo. Nikaandika kwamba sina jamaa Mlandege.

Nilijiambia kuwa naogopa kupelekwa Ruaha Mbuyuni, ambako makarani wawili walirudi na homa. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine mkono unakuwa mzito kuiandika. Sikutaka wenzangu ofisini wajue kwamba nililelewa na mama anayeuza pombe ya ulanzi. Wewe mwenyewe ulinileta kwake nikiwa na sanduku la bati, ukamwambia, "Huyu sasa ni wako." Miaka minne ya shule nilikula kwake. Lakini tangu nianze kazi, mwezi wa Aprili, sikukanyaga pale. Nilikuwa napita njia ya juu nisionane naye.

Nyumba tunazichagua kwa kuhesabu milango, kila wa kumi tunabisha. Jumatano nilifuatana na msimamizi wangu, Bwana Liberatus, aliyetaka kuona ninavyofanya kazi. Nilihesabu huku nikiomba. Mlango wa kumi ukawa wa mama mdogo.

Alikuwa uani anasuuza debe. Aliponiona alianza kutabasamu. Kisha akaona daftari, akamwona Bwana Liberatus nyuma yangu, akaniona mimi natazama chini. Nikasema, "Habari za leo, mama. Tumetumwa na ofisi." Mjomba, nilimsalimu kama mtu wa njiani.

Akafuta mikono kwenye khanga. "Nzuri, bwana karani. Karibuni ndani."

Alinipa kile kigoda chenye mguu mmoja mfupi. Bila kufikiri nilikigeuza, mguu ule ukaingia kwenye shimo la sakafu kama nilivyozoea, nikakaa bila kuyumba. Mwantumu alikuwa mlangoni na ungo wake wa mchele. "Makarani wa siku hizi wana elimu," akasema. "Wageni wote huanguka kwenye kigoda hicho. Huyu amekijua kwa kukitazama tu."

Mama mdogo akamwambia, "Mwache afanye kazi yake."

Nikauliza, akajibu. Chumvi, ya mboga. Mafuta ya taa, ya kuwashia taa. "Andika na kwamba taa yenyewe haina chemni," Mwantumu akadakia, na Bwana Liberatus akacheka. Mche wa sabuni. Majani ya chai. Kisha akataja dawa ya viatu, nyeusi, kopo moja.

Bwana Liberatus akatazama mlangoni, palipokuwa na kandambili mbili tu. "Mama, humu ndani nani anavaa viatu?"

"Ninaye mtoto wa dada yangu," alisema. "Ni karani. Vumbi la huku kwetu ni baya, na yeye anafanya kazi na wakubwa. Akija nitampangusia viatu kabla hajarudi."

"Na mwezi uliopita hukununua?"

"Nilinunua mwezi wa nne. Lile limekauka."

"Limekauka vipi? Haji?"

"Kazi zake ni nyingi, baba."

Hakunitazama hata mara moja, mjomba. Kama angenitazama kwa hasira ningeweza kuvumilia. Alikuwa ananificha. Bwana Liberatus akanigeukia, "Andika sababu." Nikaandika: "Wageni." Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana.

Tulipokuwa tunatoka Mwantumu alisema, "Bwana karani, viatu vyako vina vumbi." Sikugeuka nyuma.

Jana nililifungua daftari mara nyingi kulisoma neno lile moja. Leo baada ya misa nilichukua asali nikaenda. Nilishuka kwa njia ya chini, mbele za watu. Nilimkuta peke yake. Nikainama, nikamwamkia kama mtoto kwa mama yake, "Mwangaluka, mayu," nikaweka asali mbele yake.

Alitazama asali, akatazama miguu yangu. Akasema, "Vua."

Nilimwomba nivipanguse mwenyewe, akakataa. Nilipomwambia kwamba kesho nitamweleza Bwana Liberatus ukweli alikasirika kwa mara ya kwanza. "Usiseme. Kibarua chako kitaota nyasi, na mimi nitamwambia nini kaka Antoni?" Nikamjibu kuwa kaka Antoni nitamwambia mimi. Ndiyo maana nimekuandikia.

Kesho nitasema, mjomba. Naogopa, unajua tangu utotoni mimi ni mwoga. Wakinipeleka Ruaha Mbuyuni nitakwenda. Wakinifukuza nitarudi huku kusuuza madebe. Lakini kabla ya lolote nitaomba nilifute neno lile, niandike: "Mtoto wa nyumba hii." Nakuomba usimlaumu mama mdogo kwa kunificha, na mimi usinihurumie haraka.

Nisalimie mama Evarista, Evarista mwenyewe, na Shigela akirudi kutoka machungani. Ukimwandikia mama yangu Helena huko Usangu, mwambie nipo mzima. Mengine nitamwambia mwenyewe nikiwa nimesimama mbele yake. Mama mdogo anasema asali ni tamu, na kwamba umemsahau kwa barua. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na mvua za mwaka huu ziwafikie mapema.

Nakuandikia haya nikiwa kwake, juu ya kile kigoda, miguu mitupu. Viatu viko mlangoni karibu na kandambili zake, vinang'aa. Amefunga kopo vizuri kwa kitambaa, ameliweka dirishani.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukuonea haya,

Seni Budeba