Fomu Yao Wenyewe

Shangazi mpenzi,

Hujambo? Leo nimecheka ofisini hadi wenzangu wakadhani nimepandishwa cheo. Nilikuficha jambo: nilikopa mkopo wa siku thelathini nilipe kodi ya chumba, na riba ikanishinda kabisa. Jana nilikwenda kwa mkopeshaji, nikamwekea meneja mezani fomu yao wenyewe niliyojaza nilipokopa.

"Mshahara wangu huu hapa, marejesho haya hapa, yanauzidi. Na hapa chini fomu yenu inasema msimkopeshe asiyeweza kulipa. Mlinikopeshaje?"

Akaisoma mara mbili. "Binti, nani kakutuma?"

"Mimi karani, mzee. Kazi yangu ni kusoma fomu."

Leo wamenipigia simu: wamefuta riba yote! Nitarudisha nilichokopa tu, kwa miezi sita. Baba usimwambie, Jumapili nitamweleza mwenyewe, akifoka afoke.

Mwanao anayekupenda,
Karani asiye na riba