Shina la Alizeti

Kinyangiri, Mkalama
Tarehe 12 Juni

Mpwa wangu Jenipher,

Marahaba. Naipokea shikamoo yako kabla hujaitoa, maana najua adabu uliyolelewa. Habari za Dodoma na kazi ya maabara? Huku sisi wazima, alizeti zimeinamisha vichwa, na mama yako anakula vizuri tangu atoke wodini.

Nimesikia unakuja kumchukua, eti amepoteza kumbukumbu. Kabla hujapanda basi, soma hii.

Dada Damari, mama yako, wewe unamjua wa magoti mabovu. Mimi namjua wa mbio. Tulikuwa tukitumwa maji kisimani, yeye na ndoo kichwani, mimi mikono mitupu, na bado ananiacha. Na mimi siku hizo nilikimbiza swala mpaka akakaa chini mwenyewe. Nikimwona sasa anashika ukuta kwenda jikoni, moyo unanirudi kisimani.

Ndipo nikaona kwenye simu bwana mmoja akisema seli shina zinafufua magoti. Nilikupigia, ukanieleza kwamba seli hizo zimo mwilini, kwenye uboho wa mifupa, na hospitali hupandikiza kwa magonjwa fulani ya damu. Za magoti bado wanazichunguza, na za kunywa hakuna. Nikakujibu vitabu vimekuharibu. Shina nani anifundishe mimi? Nang'oa mashina ya alizeti tangu nimalize darasa la tano, wilaya nzima hakuna anayenifikia. Nikakausha, nikatwanga, nikamkorogea kwenye uji. Alisema una ladha ya ugomvi, lakini akanywa.

Siku ya tisa akaanguka zizini. Daktari akamuuliza mbona dawa za presha hazijaguswa. Akajibu kwamba alisahau, ndio uzee. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, kofia mkononi, natazama dari.

Hakusahau, Jenipher. Yule bwana wa simu alisema dawa mbili hugombana tumboni, nami nikamwambia aache vidonge. Alinifichia kosa langu, kama alivyonifichia kwa baba nilipovunja mtungi. Mtungi huo anaukumbuka mpaka ufa wake.

Basi usimtoe nyumbani kwake kwa kosa langu. Sasa anameza kila asubuhi, nami nasimama mlangoni mpaka ameze. Kinu nimekiosha.

Anakusalimu sana, ila hajui nimeandika haya. Ukija, njoo unigombeze mimi. Yeye amekataa kunigombeza.

Ni mimi mjomba wako,
Alute