Gunia la Kulengea

Jumatatu, 1 Agosti 1983
Nimeanza kuwafundisha upinde walinzi watano wa kijiji. Mchezo wa kwanza: kibuyu kinaning'inizwa kwa kamba, anayekosa anaokota mishale ya wenzake wote. Wamecheka mno! Isipokuwa Makoye, aliyezika mtoto mwezi uliopita. Kamanda wao, Maduhu, naye hakucheka. Kasema huu ni mchezo wa watoto. Sawa, na wao wanalenga kama watoto.

Jumatano, 3 Agosti
Nimejaza gunia majani, nikataka liviringishwe mteremkoni. Mwizi wa ng'ombe hukimbia, hasimami kungoja mshale! Maduhu kakataa. Gunia litulie, tena chini, usawa wa mtu aliyeinama. Nikauliza, mwizi gani huyo? Kaniambia kazi yangu ni kufundisha. Hapa pana namna.

Ijumaa, 5 Agosti
Leo gunia limevishwa kitenge. Eti lionekane vizuri. Lo! Tangu lini gunia halionekani?
Mke wangu Theopista kasikia watu kisimani wakimsema shangazi yangu, Philomena, eti ni mchawi. Macho mekundu yale si bure, na Makoye hamwamkii tena tangu msiba. Macho mekundu! Kuni zimekwisha huku, bibi wa watu anapikia mavi ya ng'ombe, moshi unamla macho miaka yote. Nani kaingia jikoni kwake asitoke analia? Lakini waambie sasa. Roho yangu haijatulia kabisa.

Jumapili, 7 Agosti
Baada ya misa Maduhu kaniambia nipumzike leo, watacheza wenyewe. Wenyewe! Nikawanyemelea kupitia kwenye mikonge. Gunia wamelikalisha, kitenge na kilemba, na mbele yake mafiga matatu. Mafiga! Mwizi gani anayepika? Wanalenga mgongo, na hakuna anayekosa.

Nimekimbia moja kwa moja kwa shangazi. Nikamsihi twende Ushirombo kwa binti yake, sasa hivi. Hataki. "Nikikimbia nitakuwa nimekiri," kasema, akainama kupuliza moto. Ni kweli, na ndiyo maana naogopa.

Nimekaa mlangoni pa jiko, nimempa mgongo. Daftari liko gotini, naandika. Wamefika uani wote, Makoye mbele.

"Mwalimu, toka kidogo. Tuna swali la mchezo."

Swali gani linaulizwa na podo zimejaa mishale? Shangazi ananinong'oneza nitoke, si adabu kuwasimamisha wageni juani, tena uji wao ameshaubandika. Makoye ameita tena. Sitoki.