Mkia wa Nyumbu ni wa Mama

Kwa dada yangu Mwanahawa, uliyenibeba mgongoni nikiwa mzito kuliko mtungi uliojaa. Mdogo wako Athumani nakuamkia kwa heshima kutoka mbali. U hali gani huko Mohoro? Wanao je, na ule mguu wako unaovimba kila masika? Mie ni mzima. Nakuandikia kwa mkono wangu, kwa herufi za chuoni, chuo nilichokiacha nusu kwa sababu mwalimu alishaanza kuniogopa. Msomaji wako akikwama mahali ailaumu kalamu. Ni unyoya wa tai, nilimnyofoa mwenyewe akiwa anaruka.

Najua unataka habari za mama kwanza. Zinakuja. Niache nizifikie kwa njia yake, nikikata njia sitafika.

Tuko juu ya mto, kupita Utete, kupita pale maji yanaponguruma kwenye mawe. Askari wa Wadachi walipochoma vijiji na mpunga ungali ghalani, mama nilimbeba mie hadi huku. Watu walipokezana mizigo, mie mama sikumpokeza mtu. Simba alitukalia njiani, nikamwambia apishe nina mgonjwa, akapisha. Mama alicheka, akasema simba yule alikuwa kisiki. Basi hata kisiki kilipisha.

Nafaka huku hakuna. Tunakula ming'oko na mizizi mingine ya kuloweka ili sumu itoke. Wazee walipouliza nani atawalisha watu, nikasema mie. Nyumbu wa nchi hii, dada, nawajua kama wewe unavyowajua majirani. Masika hutawanyika mbali bara, maana kila dimbwi lina maji. Kiangazi madimbwi yakikauka hurudi mtoni, punda milia nyuma yao, vumbi likaziba jua. Kabla hawajafika, mwindaji huchoma mbuga ili majani machanga yachipue na kuwavuta. Kuchoma huko kuna adabu yake. Moto huwashwa na mtu mmoja, ndiye mwenye moto, na hakuna ruhusa ya moto wa pili mpaka wa kwanza uwe umelisha watu. Akichinjwa mnyama wa kwanza, mkia ni wa mwenye moto.

Safari hii mwenye moto ni mie. Mama akasema mkia huo nimpe yeye, nzi wamezidi kumzoea.

Tukachimba mashimo kwenye njia yao na kuyafunika matawi. Baruti ilikuwa imekwisha, gobori langu limebaki fimbo ya kutembelea. Hapo ndipo akatokea mumeo. Alisema ametoroka bomani huko Mohoro. Nikamkumbatia. Unajua tulivyo: tulichanjiana damu, na yale maji ya dawa ya vita tulikunywa kibuyu kimoja, akaanza yeye nikamaliza mie. Alikaa na mama, akamkanda miguu. Nilimpa ming'oko yangu, akala kidogo tu. Mtu aliyetoka porini na njaa hali kidogo. Nililiona hilo, nikasema ni adabu za mkwe.

Akaniambia mie nina nguvu za watu kumi, jambo ambalo ni kweli, kwa hiyo nibaki na mashimo, yeye akanichomee mbuga. Nikampa kijinga cha moto mkononi, nikamwonyesha mahali.

Moshi ulipanda, lakini ulipandia chini ya mto, upande wa kambi ya askari. Wenzangu wakanitazama. Nikamtetea, nikasema upepo unapinda moshi. Nilimtetea hata siku zilipopita hajarudi, majani yakachipua kule, na mbuga yetu ingali kavu imesimama. Wakataka tuichome wenyewe. Nikakataa. Moto ulikuwa umeshatoka mkononi mwangu, na mioto miwili hatujapata kuiwasha tangu enzi za babu. Adabu ile, dada, tuliishika sisi peke yetu.

Nyumbu wakaja. Tuliwasikia ardhini kabla ya kuwaona. Mama alikuwa amelala sikio chini, akauliza wamefika? Nikamwambia wamefika. Walisimama juu ya kilima, wakanusa, wakageuka wote kufuata majani machanga. Mashimo yetu hayakupata hata ndama. Kutwa nzima bunduki zililia kule kambini.

Nikaenda, nikajilaza kwenye matete. Nikamwona mumeo anabanika nyama pamoja na askari, kanzu safi, mkia umechomekwa kiunoni. Aliposhuka kuchota maji nikasimama mbele yake. Sikumgusa, ingawa unajua ningemvunja kama ukuni. Nikamwuliza moto ule ni wa nani.

"Wako, shemeji," akasema. "Nimeuhamisha tu."

"Mama yuko kule anangoja."

"Mama kala siku zake. Waache wanangu nao wale zao."

Akanikatia kipande cha nyama. Nikakipokea, dada. Mie, Athumani, nikakipokea.

Nilimpelekea mama, nikamwambia mashimo yamejaa, nimechinja mwenyewe. Akakigusa kwa vidole, akauliza mkia uko wapi. Nikasema ni mrefu mno, watu wawili wanauleta nyuma. Mama akatabasamu.

"Huyo naye kisiki, mwanangu," akasema.

Hakukitia kinywani. Alasiri ile ile tukamzika, kwa nguo yake aliyokuja nayo, maana sanda hatukuwa nayo. Hizo ndizo habari za mama.

Wasalimie wanao. Wakiletewa nyama waile, wao hawana kosa. Nisalimie mama yetu mkubwa, yule mfinyanzi, mwambie mdogo wake amepumzika, amsomee Yasini kwa niaba yangu, maana mie naijua nusu. Nisalimie na yule mwalimu wa chuo, mwambie herufi zake zimenifikisha hapa. Baba wa wanao salamu simpi.

Ila mkia atakuja nao, najua, atautundika mlangoni na kuwasimulia watu. Uushushe kwa mkono wako. Usimwulize kitu. Ukae nao kizingitini ufukuze nzi, na kila apitapo akuone.

Mie mdogo wako Athumani, mwenye moto.