Mwezi Nilioufuta

Mjukuu wangu Zubeda,

Salaam kutoka Bukoto, hapa Kampala, mpaka huko Arua. Mtoto anaota meno, usingizi hatuna, ila tunacheka. Najua unaona aibu kumwita bibi mtu aliyekuzidi miaka tisa tu. Mimi ni mdogo wa bibi yako, kwa hiyo vumilia.

Unasema unaiogopa kozi ya nyota ya mtandaoni, usije ukaonekana mjinga. Nilipoanza yangu, zoezi la kwanza lilikuwa kuchora mwezi mwandamo. Nikauchora umelala kama bakuli, vile tunavyouona tukitoka kuutafuta kabla ya kufunga Ramadhani. Kwenye picha ya somo ulikuwa umesimama. Nikafuta wangu, nikanakili ule, nikatuma.

Mwalimu akaniandikia: “Wewe uko Kampala, karibu na ikweta. Huu umeuona wapi?”

Niliona haya, kisha furaha ikanijaa hadi nikamwamsha mtoto. Kumbe mwezi husimama hivyo kwa walio mbali na ikweta; kwetu hulala, na bakuli langu ndilo lilikuwa sahihi. Nikalichora upya, nikafaulu.

Sasa mama, jiandikishe leo, usingoje kujua kwanza. Zoezi likija, toka nje uangalie, ndipo ufungue somo.

Bibi yako mdogo,
Hadija